Kuuguza ni Kujifunza: Nafasi ya Familia katika Utengamao wa Aliyeumia Uti wa Mgongo

Mada kwa semina ya ndugu wanaouguza, wauguzi na maafisa ustawi wa jamii



1. Utangulizi

Kaka yangu alianguka kutoka juu ya mnazi, huko kwetu Pangani. Fahamu zake zilikuwa timamu. Alituuliza tu miguu yake iko wapi. Tulimnyanyua watu wanne, huyu mkono, yule mguu, tukampakia kwenye pikapu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mtu wa namna ile hulazwa juu ya ubao, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, asikunjwe hata kidogo.

Wiki ya tatu ya kulazwa, mama alikuja na chupa ya maji ya moto na taulo. Akamkanda miguu, kama alivyomkanda utotoni kila alipoteguka. Kaka hakulalamika, kwa sababu hakusikia kitu. Asubuhi yake muuguzi alipofunua shuka, miguu yote miwili ilikuwa imejaa malengelenge. Majeraha yale yalimchelewesha kuanza kukalia kiti kwa majuma sita.

Hakuna aliyempenda kaka kuliko mama. Nimeanza na kisa hiki ili kieleweke ninachokuja kusema: wodi ya utengamao ni darasa la nyumba nzima. Familia inayokaa pale kungoja kupona tu huzipoteza siku za kujifunza, na hasara yake huja kuonekana nyumbani.

2. Tujue kilichoumia

Uti wa mgongo una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, kisha zile zilizoungana za nyonga na kifandugu. Katikati ya pingili umepita ugwe mgongo, njia ya habari baina ya ubongo na mwili. Pingili ni mfupa, huweza kukazwa kwa vyuma na kuunga. Ugwe haushonwi. Ndiyo maana ndugu wengi huuliza, "Si ameshapasuliwa, mbona hasimami?" Upasuaji hutuliza mfupa na kuuondolea ugwe mgandamizo, kazi inayobaki ni ya utengamao.

Muulizeni daktari maswali mawili. Pingili ipi imeumia? Aliyeumia shingoni huguswa mikono na miguu, na wakati mwingine hata pumzi. Aliyeumia kifuani kwenda chini mikono yake hubaki salama. Swali la pili: je, chini ya jeraha kumebaki hisia au mjongeo wowote? Palipobaki, matumaini ya kurudisha nguvu ni makubwa zaidi, hasa miezi ya mwanzo.

Na maswali hayo yaulizwe mbele ya mgonjwa. Kwetu mjomba aliitwa kando, akaambiwa ukweli, naye akatuambia sisi. Kaka alikuwa wa mwisho kujua habari ya miguu yake mwenyewe, na ilimchukua muda mrefu kutuamini tena.

3. Ngozi, kibofu na choo

Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, alifungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Zama hizo wengi wao walikufa, na kilichowaua zaidi ni vidonda vya mgandamizo na maambukizi ya mkojo. Guttmann aliagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na vibofu vyao vitunzwe kwa usafi mkubwa. Mambo haya hayakuhitaji mashine. Yalihitaji mikono na saa ya ukutani, na hivyo viwili kila nyumba inavyo.

Anayelala ageuzwe kila saa mbili. Anayekaa ajiinue au aegemee upande kila baada ya dakika 15 hadi 30, ili damu ifike makalioni. Kila asubuhi na kila jioni kagueni kifandugu, nyonga, makalio na visigino. Doa lisilofifia baada ya kuondoa uzito ni mwanzo wa kidonda. Asilalie wala kukalia hapo mpaka lipotee.

Mkojo usiachwe ujae. Wanaoutoa kwa mpira wa muda, unaoingizwa kisha kutolewa, hufanya hivyo kila baada ya saa nne hadi sita, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni. Choo nacho kizoezwe saa yake, hasa baada ya mlo, maana tumbo huamka kwa chakula.

Na hili liandikwe ukutani. Aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu akiumwa kichwa ghafla, akatoka jasho na uso kuwa mwekundu, shinikizo la damu huenda limepanda kwa kiwango cha hatari. Mkalisheni wima, legezeni nguo, angalieni kama mpira wa mkojo umejikunja au kibofu kimejaa. Asipotulia mara moja, muiteni daktari. Hiyo ni dharura.

4. Sitara

Kuna jambo tunalolionea haya hata kulitaja. Mimi ni dada. Siku ya kwanza nilipoambiwa nifundishwe kumtoa kaka mkojo, nilitoka nje nikalia, na yeye aligeuza uso ukutani. Katika jamii zetu yako mambo ambayo dada hayafanyi kwa kaka, wala mkwe kwa mkwewe. Haya ile si ujinga, ni heshima, na hospitali inapaswa kuipa nafasi kwa pazia, kwa mlango, na kwa kuuliza, "Ungependa nani akusaidie?"

Ila dawa ya haya hiyo haikuwa kutafuta ndugu mwingine. Muuguzi mmoja aliona mikono ya kaka ni mizima, akamfundisha ajifanyie mwenyewe. Siku alipofaulu peke yake, aliomba chai na akazungumza hadi usiku. Sikuwa nimemsikia akizungumza hivyo tangu aanguke.

5. Kumfanyia na kumwachia

Hapa ndipo ndugu wengi tunapokosea, na tunakosea kwa wema. Mgonjwa ananyoosha mkono kuchukua kikombe, sisi tumeshamnywesha. Anahangaika kuvaa shati dakika kumi, tunashindwa kuvumilia, tunamvisha. Zile dakika kumi ndizo tiba yenyewe. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo humpata kwa saa moja kwa siku. Saa zinazobaki tunazo sisi, na tunaweza kuyabomoa aliyoyajenga.

Guttmann aliliona hilo pia. Tarehe 29 Julai 1948, siku ilipofunguliwa Olimpiki ya London, aliwashindanisha majeruhi 16 kulenga shabaha kwa upinde, wakiwa juu ya viti vyao. Michezo ya Paralimpiki imetokana na mbegu hiyo. Aliwapa kitu cha kutenda, na watu wakaja kuwatazama wakitenda.

Wageni nao wafundwe. Walikuja waliomlilia kaka kana kwamba wako matangani, na waliomwambia ajikaze tu atatembea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tuliwaomba waje wawili wawili, na kila ajaye amletee jambo la kuamua: shamba lilimwe lini, mtoto aende shule ipi.

6. Anayeuguza naye ni mtu

Nilimnyanyua kaka kwa miezi miwili kwa kukunja mgongo, mpaka wangu nao ukaanza kuuma. Kuhamisha mtu kutoka kitandani hadi kwenye kiti kuna mbinu: ubao laini wa kutelezea, magoti yaliyokunjwa, na yeye mwenyewe kusukuma kwa mikono. Dai kufundishwa. Pangeni zamu, na mzigo usiwe wa wanawake peke yao. Anayeuguza bila kulala huanza kukasirika, na hasira hiyo humfikia mgonjwa hata isiposemwa.

7. Mapendekezo

Kwa hospitali: kabla ya ruhusa, ndugu wasiopungua wawili waonyeshe kwa vitendo kwamba wanaweza kugeuza, kukagua ngozi, kutunza mkojo na kuhamisha. Kuambiwa tu hakutoshi.

Kwa familia: nyumba iandaliwe mgonjwa akiwa bado wodini. Pimeni mlango, jengeni mteremko wa kupitia kiti, sogezeni choo. Kiti mwendo kipimwe mwili wake na kiwe na mto wake. Kiti cha msaada kilicho kipana mno huleta vidonda na kupinda mgongo. Hapa Tanzania wapo wanaosomea kazi hiyo katika chuo cha TATCOT, Moshi.

Kwa maafisa ustawi wa jamii: Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki zao za afya, elimu na ajira. Ifafanuliwe wodini, kwa lugha ya wodini.

8. Hitimisho

Kaka hatembei. Ana kibanda cha kuuza nazi na samaki wa kukaanga, na kiti chake kinapita mlangoni bila kugusa kizingiti. Kila asubuhi hukagua visigino vyake kwa kioo kidogo, na anayemshikia kioo ni mama. Maji ya kuoga huyaandaa yeye mama vilevile, ila siku hizi kwanza hutumbukiza kiwiko chake, akangoja, ndipo akamwita mwanawe.