Kusoma biashara ya kimataifa kwa ajili ya amani ya Kivu

Hotuba kwa vijana waliomaliza lisansi

Ndugu vijana, wazazi wetu, viongozi wa makanisa na wa vyama vya wamama wachuuzi,

Mmetuomba tuseme juu ya swali ambalo vijana wengi wanatuletea: je, inafaa mtu wa Kivu atafute masta ya uchumi wa kimataifa na sera ya biashara, wakati nyumbani kuna njaa na vita? Wengine wanasema hayo ni masomo ya kutafutia visa. Sisi tunaofanya kazi ya kupatanisha jamii vijijini na mipakani tunajibu: ndiyo, inafaa, kwa sharti moja. Msomi aende na swali la watu wake, arudi na jibu lake.

Tuanze mpakani. Amri ya serikali ya tarehe 28 Machi 2002 inataja idara nne tu zenye haki ya kufanya kazi kwenye mipaka ya Kongo: forodha, ofisi ya kukagua bidhaa, uhamiaji na afya ya mipakani. Lakini uchunguzi wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2011 juu ya wachuuzi wadogo wa Maziwa Makuu ulionyesha kwamba wengi wao ni wanawake, na kwamba kutozwa pesa zisizo halali, matusi na hata vipigo vilikuwa mambo ya kila siku. Mama mwenye beseni la nyanya hajawahi kuiona amri ile. Analipa kila anayenyoosha mkono. Akipoteza mtaji wake, anasema kwamba watu wa ng'ambo ndio wanaotuchukia. Neno hilo linafika sokoni, linafika kanisani, na kesho kijana analichukua kuwa sababu ya kushika silaha.

Tazameni tena. COMESA, ambamo nchi yetu ni mwanachama, iliweka utaratibu rahisi kwa wachuuzi wadogo. Mwenye mzigo mdogo wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi mbili anajaza cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, na hatozwi ushuru wa forodha. Lakini kodi na ada nyingine zinaweza kubaki. Nani atamfafanulia mama tofauti kati ya ushuru ulioondolewa na ada iliyobaki? Nani atamwambia afisa, kwa heshima na kwa karatasi mkononi, kwamba hii ni halali na hii si halali? Hiyo ndiyo kazi ya mtu aliyesoma sera ya biashara.

Mfano wa pili ni wa madini. Mwezi wa Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinataka makampuni yaliyo kwenye soko lao la hisa yaeleze kama bati, koltani, wolframu na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo au kwa majirani zake. Nia ilikuwa kuwanyima wenye silaha pesa. Septemba mwaka huo huo serikali yetu ilisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Wanunuzi wengi walikimbia, na wachimbaji wakabaki bila kazi. Baadaye, mwaka 2016 na 2018, watafiti walitoa hesabu zilizoonyesha kwamba vifo vya watoto wachanga na mashambulio viliongezeka katika sehemu zilizoguswa.

Hatusemi kwamba sheria ya kudai madini safi ni mbaya. Damu iliyomwagika kwa ajili ya madini tunaijua. Tunasema kwamba sheria iliandikwa mbali, na sauti ya mchimbaji haikusikika mapema. Watafiti walipoleta hesabu zao, miaka mitano na zaidi ilikuwa imepita. Kama tungekuwa na wasomi wetu wa kutosha wa fani hii, wangeweza kufanya hesabu hizo kabla, si baada ya mazishi.

Sasa, masta hiyo inafundisha nini? Inafundisha kwa nini nchi zinauziana bidhaa. Mwingereza David Ricardo alieleza mwaka 1817 kwamba hata nchi isiyo hodari katika lolote inafaidika ikitengeneza kile ambacho kinaigharimu kidogo zaidi, na kununua vingine. Lakini hesabu ya Ricardo haina kizuizi cha barabarani wala mtu mwenye bunduki anayetoza kila gunia. Kuingiza kizuizi hicho katika hesabu, hilo ni somo letu sisi. Mnajifunza pia takwimu, ushuru na kanuni za Shirika la Biashara Duniani, ambalo Kongo ni mwanachama wake tangu tarehe 1 Januari 1997.

Mnajifunza pia mikataba ya kanda. Kongo imo COMESA, imo SADC, na tangu Julai 2022 imo Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye ushuru wa pamoja wa ngazi nne: 0, 10, 25 na 35 kwa mia. Nchi haiwezi kutoza ushuru mbili tofauti kwa mzigo mmoja. Kila ngazi inayochaguliwa inapandisha au inashusha bei ya mchele, ya saruji, ya nguo za watoto. Hata mkataba wa amani ambao Kongo na Rwanda zilitia sahihi mjini Washington tarehe 27 Juni 2025 una sehemu ya uchumi wa kanda. Asiyeelewa biashara ataisoma sehemu hiyo nusu nusu, na asiyeelewa karatasi hawezi kumdai mtu aitimize.

Juu ya njia ya kufika huko, tunawashauri hivi.

Kwanza, hakikisheni karatasi zenu. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 Kongo inafuata mfumo wa lisansi ya miaka mitatu na masta ya miaka miwili. Mwenye lisansi ya zamani ya miaka mitano aulize mapema namna itakavyohesabiwa.

Pili, jifunzeni Kiingereza na hesabu. Kifaransa chetu ni mali, lakini vyuo vingi vya kanda hii vinafundisha kwa Kiingereza. Anayeogopa takwimu ataumia tangu muhula wa kwanza.

Tatu, si lazima kwenda Ulaya. Mjini Arusha kituo cha trapca, kilichoanzishwa mwaka 2006 na taasisi ya ESAMI pamoja na Chuo Kikuu cha Lund cha Sweden, kimefundisha sera na sheria za biashara kwa Waafrika hadi ngazi ya masta. Ulizeni wenyewe, moja kwa moja kwenye chuo, juu ya bursi na masharti yake. Msimlipe mtu wa kati anayeahidi nafasi.

Nne, memwari yenu iwe ya kwetu. Andikeni juu ya bei ya muhogo mpaka unapofungwa, au juu ya mama asiye na cheti. Mwalimu ana vitabu. Ninyi mna soko.

Hatuwadanganyi. Shahada hii haihakikishi kazi. Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari na Februari 2025, mabenki yalifunga milango, na hata mwenye mshahara alikosa pesa yake. Wengine waliosoma watabaki ng'ambo, na hatutawalaani, maana kila mtu ana watoto wa kulisha. Tunawaomba jambo moja: popote mtakapokuwa, mjibu simu ya chama cha wamama kinapouliza maana ya karatasi fulani.

Ninyi wazazi, msimcheke mtoto anayesoma ushuru na takwimu. Anajifunza lugha ambayo wakubwa wanatumia kugawana mali yetu. Na ninyi vyama vya wachuuzi, msingoje arudi. Mpeni sasa maswali yenu, yaandikwe, ayabebe ndani ya mfuko wake pamoja na vitabu.