Mpaka wa Kiwanja na Faili la Ramani



Urasimishaji wa makazi, vilimani na ufukweni mwa Mwanza, huanzia kwenye alama za mipaka na kuishia kwenye kompyuta. Mpima akishazichukua alama hizo kwa kifaa cha GPS, huzihamishia kwenye programu ya ramani. Faili likihifadhiwa ovyo hapo, kazi yote ya uwandani huharibika.

GPS hutumia mfumo wa vipimo uitwao WGS 84, ilhali ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Nukta ya Mwanza ikisomwa kwa mfumo usio wake, husogea karibu mita 300. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Basi nyumba iliyojengwa kihalali yaweza kuonekana imo ndani ya eneo hilo, au hata majini.

Kwa hiyo faili lipewe jina la mtaa, namba ya kiwanja na tarehe ya upimaji. Mfumo uliotumika uandikwe. Faili la awali lililotoka kwenye GPS lisifutwe, na nakala iwekwe nje ya kompyuta hiyo, kwani hitilafu ya umeme haipigi hodi. Mwananchi naye asione haya kuyauliza hayo kabla ya kutia sahihi.

Jiwe la mpaka huweza kung'olewa. Faili lililotunzwa huonesha mahali pa kulirejesha.