NGITILI YA NYUMBANI: TUANDAE SASA MAJANI YA KIANGAZI

(Mada ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika, Isaka)



Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa majani ya nyumbani wakati wa kiangazi. Wageni wetu wanatoka kwenye nchi ambako adui wa majani ni baridi na theluji. Hapa kwetu adui ni jua, moto na mifugo inayoachiwa mapema. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hakuna, na ng'ombe anatakiwa aishi kwa kilichobaki.

Wazee wetu Wasukuma walilijua jambo hili. Walitenga eneo karibu na mji, wakalifunga masika, wakalifungua kiangazi kikiwa kikali kwa ajili ya ndama, maksai na ng'ombe wadhaifu. Hiyo ndiyo ngitili. Watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970, nyingi ziliachwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, zilizobaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mradi ulikwisha mwaka 2004. Kwa hiyo, ndugu zangu, hatufundishi jambo geni, ingawa maandiko yetu ya kuomba fedha wakati mwingine husomeka kana kwamba tumeligundua sisi!

Ugumu uko kwenye tarehe. Ngitili inafungwa mvua za kwanza zinaponyesha, Novemba au Desemba, wakati majani yapo kila mahali na kufunga kunaonekana ni uchoyo. Inafunguliwa Julai au Agosti, wakati kila mtu ameshakosa subira.

Katika usharika mmoja, ambao sitautaja, tulinunua nguzo na waya kwa fedha za wafadhili. Majani yalistawi vizuri sana. Mwezi Juni mzee mmoja akaingiza ng'ombe wake, na wengine wakaona wasipoingiza wa kwao watakosa. Kufikia Septemba palikuwa vumbi tupu. Mvua ziliponyesha maksai hawakuweza kuvuta plau, na familia kadhaa zililima kwa jembe la mkono, tena zikachelewa. Kosa lilikuwa letu sisi wa mradi. Bajeti ilikuwa na waya, lakini haikuwa na mkutano hata mmoja wa kukubaliana siku ya kufungua na faini ya anayevunja. Wazee walikuwa na dagashida, baraza la jamii, na faini zake zililipwa kweli. Uzio wa miiba wenye makubaliano ni bora kuliko waya usio na makubaliano.

Mengine ni ya kazi. Ngitili igawanywe vipande, kifunguliwe kimoja kwanza, na kingine kisiguswe mpaka cha kwanza kiishe. Majani yasiliwe hadi kwenye mizizi, maana mizizi ndiyo itakayochipua masika. Mwezi Mei, kabla nyasi hazijakauka, lima ukanda wa kuzuia moto pande zote. Moto mmoja wa mwindaji wa panya unamaliza kazi ya mwaka.

Mwenye eneo dogo, hasa hapa Isaka ambapo viwanja vinabanana kwa sababu ya bandari kavu, akate majani yanapoanza kutoa maua, ayaanike siku mbili au tatu, ayafunge. Sanduku la mbao lisilo na kitako, urefu sentimita 85, upana 55 na kimo 45, linatoa robota la kilo 20 hivi. Sisi tuliozoea marobota ya pamba hatutashindwa. Yawekwe juu ya chanja, chini ya paa, mbali na mchwa.

Akina mama waliniuliza jana kama wataruhusiwa kukata nyasi za kuezekea na kuokota kuni. Waruhusiwe, na iandikwe kwenye makubaliano, vinginevyo ngitili inakuwa ya wenye ng'ombe peke yao.

Wafadhili wetu, safari hii tunaomba fedha kidogo za waya na zaidi za mikutano, ingawa mikutano haipigwi picha nzuri. Na kila kamati ilete kwa mratibu, kabla ya mvua za kwanza, karatasi moja yenye mipaka ya eneo, tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua, faini, na sahihi za wenye mifugo wote wanaopakana nalo. Usharika usioleta karatasi hiyo hautapewa waya.