Kibarua Asiye na Kibali: Hadhi ya Wafanyakazi Wageni wa Mashambani na Barua ya Mwenyekiti wa Mtaa

Mada kwa semina ya viongozi wa serikali za mitaa, Temeke na Kinondoni



Nimeombwa nizungumzie wahamiaji na ajira. Mada hiyo ni pana mno kwa muda uliobaki kabla ya chai, kwa hiyo nitaibana. Nitamzungumzia mtu mmoja tu: yule anayelima kwa ujira katika nchi isiyo yake, hana kibali, na kila anayemtuma kazi anajua hana. Nitawazungumzia na ninyi pia, kwa sababu kwa utaratibu wetu mtu huyo haanzi kubisha hodi Uhamiaji. Anaanza kwa mwenyekiti wa mtaa, akiomba barua ya utambulisho.

Maeneo yenu mnayajua kuliko mimi. Kuanzia Bunju na Mabwepande hadi Chamazi, na ng'ambo kule Kibada ambako zamani kulihesabiwa Temeke, kiwanja kisichojengwa hakikai kitupu. Mwenyewe anaishi Sinza, au kazi imemhamishia Dodoma, na ameweka mtu. Mtu huyo analala kwenye pagala, analinda matofali na nondo, na sehemu iliyobaki anapanda mihogo, mahindi na matembele. Mabondeni wapo wa bustani za mchicha, wanaomwagilia asubuhi na jioni na kuuza kwa tuta kwa akina mama wa sokoni. Wengi wao ni Watanzania wenzetu kutoka Singida, Dodoma, Kigoma na Mtwara. Lakini wapo pia waliotoka Burundi, Msumbiji na Kongo, na hapo ndipo mwenyekiti anapokaa na muhuri mkononi asijue la kufanya.

Asijue, kwa sababu hana kipimo. Kiha cha Kasulu na Kirundi cha ng'ambo ya mpaka vinasikilizana. Wamakonde wako kaskazini ya Ruvuma na kusini yake, na Mbagala imewapokea wa pande zote mbili. Mnapoambiwa mtambue mgeni kwa kumsikiliza, mnaambiwa mfanye kazi ambayo sikio haliiwezi. Wabunge wa Kigoma wamelalamika mara kwa mara bungeni kwamba wapiga kura wao wanasimamishwa na kuhojiwa uraia kwa sababu ya lafudhi tu. Wala tusidhani jambo hili ni la wanyonge peke yao. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyekwisha kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, aliambiwa na serikali kwamba si raia.

Sheria ilimjengea nani mlango

Tuanze na swali ambalo mwenye shamba huliuliza kwa dhati: kwa nini asimkatie kibali akamaliza? Jibu ni kwamba kibali cha kumkatia hakipo. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 ilimpa Kamishna wa Kazi mamlaka ya kutoa vibali, na msingi wake ni kwamba mgeni aajiriwe pale ambapo ujuzi wake haupatikani nchini, na mwajiri aoneshe jinsi Mtanzania atakavyorithi nafasi hiyo. Ni sheria nzuri kwa mhandisi wa daraja au meneja wa hoteli. Kwa mpaliliaji wa mahindi haina maana. Nani ataandika mpango wa miaka miwili wa kumrithisha Mtanzania jembe? Juu ya hapo zipo ada zinazohesabiwa kwa dola, ambazo kibarua wa msimu hawezi kuzigusa.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, ina ibara nzima ya uhuru wa wafanyakazi kwenda kokote ndani ya Jumuiya. Lakini kila nchi iliambatisha orodha ya kazi ilizokubali kuzifungulia, na Tanzania iliweka fani za kitaalamu. Mwalimu na mhandisi wamo. Mkulima wa kibarua hayumo, ingawa ndiye aliyekuwa akivuka mipaka hii kabla hata mipaka haijawekwa alama. Mkonge wa mashamba ya Tanga na Morogoro enzi za mkoloni ulikatwa na manamba kutoka Burundi, Rwanda na Msumbiji, na serikali ya wakati ule iliwatafuta, iliwasafirisha na kuwaandikisha. Haikuwapenda, lakini ilikiri kwamba wapo.

Sasa kutokuwepo kwenye karatasi kumekuwa kuzito zaidi kuliko zamani. Tangu Januari 2020 laini ya simu isiyosajiliwa kwa alama za vidole, pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) au, kwa mgeni, hati kama paspoti, hufungiwa. Asiye na namba hiyo wala hati hana laini kwa jina lake, na asiye na laini hana akaunti ya fedha ya simu. Kwa hiyo ujira wake unapita kwenye simu ya mtu mwingine: mwenye duka, mpangaji jirani, mara nyingine msimamizi yuleyule anayempangia kazi. Kila anayeupitisha anaweza kuumega. Amri ya mishahara ya 2022 ilitaja kima cha chini cha Sh 140,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kilimo. Nendeni mkaulize kwenye mapagala ya Mabwepande ni wangapi wanaijua namba hiyo. Mtanzania asiyeijua anaweza kufundishwa, akaenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asiye na kibali hata akiijua hataitumia, kwa sababu anajua mwajiri atampigia nani simu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na hoja inayosemwa sana, kwamba kumpa mgeni hadhi ni kumnyang'anya kijana wetu kazi. Hoja hiyo naiheshimu. Vijana wa Mbagala waliokaa vijiweni si wa kufikirika. Lakini tuangalie utendaji wake. Mwenye bustani akiwa na watu wawili, mmoja anayeweza kushitaki na mwingine asiyeweza, atamchukua nani? Anayemwondolea kijana wetu nafasi ni yule asiye na hadhi, kwa kuwa ndiye wa bei ya chini na ndiye anayenyamaza.

Kwale

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote unatoka ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Katika miaka ya ukoloni, Wamakonde kutoka Msumbiji, baadhi wakipitia kwetu, walikwenda pwani ya Kenya kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa, hasa Kwale. Walilima, wakachonga vinyago, wakaoa, wakazika. Uhuru wa Kenya wa 1963 ukawakuta hapo na kuwapita. Kwa zaidi ya miaka hamsini watoto na wajukuu wao waliishi bila kitambulisho: hawakuweza kufungua akaunti ya benki, kumiliki ardhi kwa jina lao, wala kupita kizuizi cha polisi bila kutoa chochote. Akina baba waliandikisha watoto kwa majina ya majirani Wadigo ili wasome.

Oktoba 2016 waliamua kutembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Walizuiliwa njiani, wakashikilia msimamo, wakafika. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha, na Februari 2017 ugawaji ulizinduliwa. Wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Desemba 2020 zamu ikawa ya Washona na ya watu wenye asili ya Rwanda ambao wazee wao walikwenda kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na 2023 ya Wapemba wa pwani, ambao wengi ni wavuvi.

Kuna jambo katika mfano huu ambalo watetezi wa haki hawapendi kulitaja. Sheria ya Kenya ya 2011 ilikuwa tayari imefungua dirisha kwa wasio na utaifa waliokuwapo tangu uhuru, tena dirisha lenye muda wa mwisho. Muda wa kwanza ulikwisha Agosti 2016 bila Wamakonde kunufaika. Kilichowapatia karatasi ni miguu yao, na uchaguzi mkuu uliokuwa umebakiza miezi kumi tu. Tena karatasi zenyewe walipewa wajukuu. Aliyekata mkonge alikwisha kufa bila hadhi yoyote.

Na sisi? Tanzania ina rekodi ambayo nchi chache duniani zinaweza kuionesha. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kupewa mashamba Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliulizwa, miaka thelathini na mitano baadaye, kama wanataka kurudi au kubaki. Walio wengi wakachagua kubaki, na Oktoba 2014 Rais Kikwete alianza kukabidhi vyeti. Waliopewa uraia walikuwa 162,156. Mwaka mmoja kabla yake, Septemba 2013, serikali hiyohiyo iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na maelfu ya Wanyarwanda na Warundi waliokuwa wakilima na kuchunga huko wakaondolewa, wengine wakiacha wake wa Kitanzania na mazao shambani. Mrundi wa Mishamo na Mrundi wa kibarua cha Kakonko wangeweza kuwa ndugu wa damu. Mmoja alikuwa na kadi ya mkimbizi, mwingine alikuwa na jembe tu. Mara zote tumetoa hadhi kwa aliyekimbia au kwa aliyelowea. Kwa anayefanya kazi, kwa sababu ya kazi yake, hatujatoa hata siku moja.

Wakubwa nao wamekwama

Marekani ilijaribu. Sheria ya 1986 ya Rais Reagan iliruhusu wafanyakazi wa mashambani kuomba hadhi kwa kuthibitisha siku 90 za kazi ya shamba, na zaidi ya milioni moja wakaipata. Wengi baada ya kuipata waliacha kuchuma matunda wakatafuta kazi bora, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya, na wenye mashamba wakachukua wapya wasio na karatasi, kwa kuwa adhabu kwa waajiri zilibaki kwenye vitabu. Muswada mwingine kama huo ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2019 na tena 2021, Seneti haikuupitisha. Italia ilifungua dirisha 2020, wakati wa korona, chini ya waziri wa kilimo Teresa Bellanova, ambaye ujanani alikuwa kibarua shambani. Maombi yalikuwa zaidi ya laki mbili, lakini mengi mno yalihusu watumishi wa majumbani. Ya mashambani yalikuwa machache, kwa sababu aliyetakiwa kupeleka ombi kwa kawaida alikuwa mwajiri, na mwenye shamba hakuona faida ya kujiandikia gharama.

Ipo njia nyingine, ya kibali kinachomfunga mtu kwa mwajiri mmoja, lakini hiyo sina haja ya kuieleza Temeke. Mabinti waliotoka kwenye mitaa hii kwenda Oman na Dubai wanaujua mfumo wa kafala: paspoti kabatini kwa bosi, na anayetoka nyumbani kwa bosi anageuka mkosaji. Tumepiga kelele juu ya hilo, na kwa haki. Itakuwa ajabu tukilijenga lenyewe hapa kwa ajili ya Mrundi.

Pendekezo langu basi ni kibali cha msimu kwa kazi za shambani, kitolewe ngazi ya wilaya, ada yake iwe kwa shilingi na isizidi ujira wa siku chache, kiombwe na mfanyakazi mwenyewe, na kimruhusu kuhama kutoka kwa mwajiri mmoja hadi mwingine ndani ya mkoa. Wale waliolowea miaka mingi waandikishwe kando. Suala lao ni la uraia, na si la msimu. Kwa wanaohofia usalama: mtu aliyeacha alama za vidole wilayani anajulikana kuliko aliyejificha kwenye pagala. Kwa wanaohofia ardhi: Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na kibali cha kupalilia hakiibadilishi.

Hilo litachukua miaka, na Bunge likilipata litalibishania. Wakati huohuo foleni mlangoni kwenu haisubiri, kwa hiyo nitamalizia na mambo mawili ya hapo.

La kwanza ni barua. Andikeni mnachokijua: kwamba mtu huyu anaishi kwa fulani, tangu lini, na amejitambulisha kutoka wapi. Msithibitishe uraia msioujua, wala msiukanushe kwa kubahatisha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapahapa nchini, Arusha, iliamua Machi 2018 katika shauri la Anudo Ochieng Anudo, aliyenyang'anywa paspoti, akafukuzwa nchini na kukaa kwenye eneo lisilo la mtu mpakani Sirari, kwamba serikali inayokana uraia wa mtu aliyekuwa akitambuliwa kuwa raia ndiyo yenye wajibu wa kuthibitisha. Kama serikali nzima ilibanwa hivyo, mwenyekiti mwenye muhuri mmoja asijitwishe mzigo huo.

La pili ni ugomvi wa ujira, ambao mnausuluhisha kila wiki. Mfanyakazi analalamika kwamba hajalipwa miezi mitatu, na mwenye shamba anajibu kwamba huyu hata si Mtanzania, mpelekeni Uhamiaji. Hesabuni miezi kwanza, mwenye shamba alipe mbele ya mjumbe na iandikwe kwenye daftari la mtaa, kisha suala la kibali lizungumzwe siku nyingine. Mwenye shamba naye aulizwe ni kwa nini alimwajiri, maana sheria ya 2015 inamshika yeye vilevile.