Kazi ya Hiari Yataka Kiongozi wa Namna Gani?

Jioni hii twataka kuwaeleza habari za mkutano wa viongozi wa vyama vya akina mama vya kazi ya hiari, ambao sisi walimu wawili wa chuo cha ualimu tulipata kuuhudhuria kwa muda wa siku tatu. Hatutasimulia hotuba zote, maana zilikuwa nyingi. Tutashika yale machache yaliyotuchoma, kwa kuwa yalitugusa sisi wenyewe.

Kwanza yatupasa kukiri kosa letu. Miaka mitano iliyopita tulianzisha chama cha akina mama katika kijiji kilicho jirani na chuo chetu. Tuliamua wenyewe, tukiwa tumeketi chuoni, kwamba kazi ya chama itakuwa kushona. Tukaomba vyerehani viwili, tukanunua vitambaa, tukaandika sheria katika daftari zuri, na sisi wawili tukajifanya mwenyekiti na mweka hazina. Mwezi wa kwanza walikuja akina mama arobaini. Mwezi wa sita walikuja saba. Kabla mwaka haujaisha vyerehani vilikuwa vimefunikwa gunia, na ufunguo wa sanduku la fedha umebaki mkononi mwetu. Nasi tukasema, kama wasemavyo wengi, ya kuwa akina mama wale ni wavivu, hawapendi maendeleo.

Basi siku ya kwanza ya mkutano kila mmoja aliombwa kueleza habari za chama kilichomfia. Tulisimama tukaeleza habari zetu. Mama mmoja mtu mzima, kiongozi wa kikundi cha wakulima, akatuuliza kwa upole, “Walimu wangu, akina mama hao huteka maji wapi?” Tukajibu kuwa ni mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Akauliza tena, “Na mkutano wenu ulikuwa saa ngapi?” Tukajibu, saa kumi jioni. Hakuuliza la tatu, aliketi. Saa kumi jioni ndiyo saa ya kuteka maji na kutafuta kuni. Muda wote ule hatukupata kuliona jambo hilo. Wazee walisema kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hapo ndipo tulipokumbushwa habari za marehemu Profesa Wangari Maathai, ambazo yafaa kila kiongozi azijue. Bibi huyu alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwenye elimu ya miili ya wanyama. Kabla ya mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa juu ya wanawake, uliofanywa Mexico City mwaka 1975, yeye na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya walikutana kusikiliza haja za wanawake. Akina mama wa mashamba walieleza kwamba kuni zimekuwa haba, maji safi hayapatikani, na chakula chenye nguvu kimepungua. Yeye, msomi, alinyamaza akasikiliza; na katika maneno yao akaona kwamba mti ungeweza kuwapa kuni, kuzuia udongo usichukuliwe na maji, na kulinda chemchemi. Kazi ya miti ikazaliwa katika kusikiliza huko.

Lakini sikilizeni jinsi ilivyoanza. Tarehe 5 Juni 1977 walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kwa heshima na sherehe. Katika miti hiyo saba, mitano ilikufa. Huenda ni kwa kuwa watu walioipanda walikwenda zao, na haikuwa na mwenyewe wa kuitilia maji kila siku. Baadaye kazi ilipohamia mashambani, kila kikundi cha akina mama kilikuwa na kitalu chake, miche yake, na mahali pake pa kupanda. Wakuu wa misitu walidhani kuwa kazi hiyo yataka watu wenye cheti. Lakini akina mama walijifunza wenyewe, wakaokota mbegu, wakatumia vyombo vilivyovunjika. Mwaka 2004, Bibi Maathai alipopewa Nishani ya Amani ya Nobel, yaani ile tuzo kubwa itolewayo Oslo, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30. Basi nasi tukajiuliza: vyerehani vyetu viwili, je, havikuwa kama ile miti ya Kamukunji?

Jambo la pili tulilofundishwa ni hesabu. Katika kazi ile ya miti, akina mama walipokea malipo kidogo kwa miche iliyothibitika kuwa hai. Na ili kuthibitisha, kikundi kiliandika taarifa, kisha wengine wakaenda kuikagua. Hapakuwa na neno la kukubaliwa kwa heshima ya msemaji tu. Huenda baadhi yenu mkasema kwamba katika chama cha marafiki kudai daftari ni kutoaminiana. Sivyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na urafiki hupotea pamoja nayo. Mtu wa mshahara akimshuku mkubwa wake, huenda akabaki kazini kwa ajili ya mshahara. Mtu wa hiari akishuku, hagombani; siku ya mkutano huwa na udhuru, na mwezi ujao humwoni tena.

Jambo la tatu ni kuachia kiti. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa Kenya mwaka 1952, na viongozi wa vikundi vyake walifundishwa katika Jeanes School, Kabete. Mwanzoni waliokiongoza walikuwa mabibi wa Kizungu. Mwaka 1958 Bibi Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza, naye alikuwa hajatimiza miaka thelathini. Laiti ingengojwa mpaka waliotangulia waone kwamba hakuna lolote alilopungukiwa, labda wangalingoja mpaka leo. Mtu hujifunza kuongoza kwa kuongoza, kama vile mtoto ajifunzavyo kuogelea akiwa majini.

Tuliporudi nyumbani tulichukua sanduku na daftari, tukaenda kijijini siku ya Jumapili baada ya saa nane, saa waliyoichagua akina mama wenyewe. Walikuja kumi na tisa. Ndipo tulipopata habari kwamba kwa muda wote ule ilivumishwa kuwa walimu wamekula fedha. Hatukuzila, lakini hatukuzionyesha, na kwa mwenye fedha mambo hayo mawili yanafanana sana. Tulifungua sanduku mbele yao, binti mmoja wa darasa la saba akasoma daftari kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, na fedha zikahesabiwa mara mbili. Zilitimia shilingi 4,600. Kisha tukauliza kile ambacho tungaliuliza tangu mwanzo: ninyi mwataka nini? Wakajibu kwa kauli moja kwamba wataka tangi la kukinga maji ya mvua. Walichagua mwenyekiti wao, mama auzaye mboga sokoni, na mweka hazina wao. Sisi tulipewa kazi ya kuandika barua, kwa mwaka mmoja tu.

Tangi hilo halijajengwa bado. Wamekwisha kununua mawe na saruji kidogo. Lakini jioni za mkutano hatuwaiti tena, hutuita wao.

Basi, enyi mlio viongozi wa vyama, ulizeni kabla ya kuamua, fungueni daftari kabla ya kuombwa, na mwandaeni atakayewafuata. Nanyi watoto wa shule, elimu mliyo nayo ina kazi leo hii: mwombeni mama ruhusa, mkamsomee daftari la chama chake. Na kama chama chenu kimekufa, msikate tamaa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.