Skrini ya Kompyuta ya Kikundi: Tuiweke Vipi, Tuitunze Vipi

(Mazungumzo kwa makatibu na waweka hazina wa vikundi)

 

Akina mama, akina baba na vijana wa vikundi, leo tunazungumza juu ya skrini ya kompyuta, kile kioo ambacho hesabu zenu hutokea. Mtu atauliza, "Jamani, kioo tu?" Ndio, kioo, lakini kimenunuliwa kwa shilingi za wengi: aliyeuza korosho, aliyesuka makuti, aliyeuza samaki.

Tulitembelea kikundi kimoja ambacho skrini yake ilikuwa giza kwa wiki tatu. Wanachama walianza kunong'onezana kwamba mweka hazina ameficha hesabu. Kumbe waya umelegea tu! Ugomvi wote ule ulitokana na plagi.

1. MAHALI PAKE

Sisi wa Malindi, Watamu na Kilifi tunaijua hewa ya chumvi. Tazameni mabati yetu yanavyoshika kutu. Chumvi hiyo huingia kwenye vitundu vya nyuma ya skrini, huvuta unyevu, na unyevu hula vyuma vya ndani. Wakati wa kusi na mvua za masika ndio hatari zaidi. Wenzetu wa Ganze na Marafa wana vumbi. Na kote kote, sisimizi na mijusi hupenda kujificha mahali penye joto.

Kwa hiyo, wekeni skrini juu ya meza imara, mbali na dirisha linaloelekea bahari na mbali na paa linalovuja. Acheni nafasi ya shubiri moja nyuma yake ipate kupumua. Dirisha liwe ubavuni, jua lisipige kwenye kioo. Ukingo wa juu uwe sawa na macho au chini kidogo, na mtu akae umbali wa mkono mmoja.

2. KUUNGANISHA

Zima kila kitu kwanza. Skrini ina nyaya mbili: wa stima na wa picha. Plagi ya picha ya aina ya zamani ina pini 15 katika safu 3, na huingia kwa upande mmoja tu. Usilazimishe, pini zitapinda. Kaza skrubu zake mbili kwa vidole.

Skrini ikiwa giza, usikimbilie fundi. Angalia taa yake ndogo. Haiwaki? Tazama soketi na waya wa stima. Inawaka lakini hakuna picha? Tazama waya wa picha, na kama kompyuta yenyewe imewashwa. Rangi zikigeuka, zikawa kijani tupu au nyekundu tupu, mara nyingi ni waya huo huo umelegea.

3. STIMA

Stima yetu ni ya volti 240, lakini ikipotea na kurudi huweza kuja kwa kishindo. Ikipotea, chomoeni. Ikirudi, subirini dakika chache itulie. Kile kiboksi cha kukinga stima, kama cha televisheni, husaidia. Lakini radi ikinguruma, chomoeni ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

4. KUSAFISHA

Zima, chomoa, acha ipoe. Pangusa taratibu kwa kitambaa laini kikavu cha pamba. Doa likikataa, tia maji kidogo kwenye kitambaa, si kwenye skrini. Spiriti, sabuni ya unga, mafuta ya taa na dawa ya vioo vya madirisha, hapana! Ikishapoa, funika kwa leso kuukuu. Nailoni hufungia unyevu ndani. Na msiiache wiki nyingi bila kuwashwa, maana joto lake hukausha unyevu.

Wenye skrini nene za zamani, msizifungue nyuma. Umeme wa maelfu ya volti huweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa. Kioo chake kina madini ya risasi, basi ikifa msiitupe shimoni wala kuichoma. Nairobi kuna WEEE Centre inayoshughulikia taka za namna hiyo.

5. HESABU NI ZA WOTE

Hesabu hazikai ndani ya skrini. Zimo katika kompyuta. Skrini ikifa leo, unganisheni nyingine, mtaziona. Basi asije mtu akawaambia, "Skrini imekufa, hesabu zimepotea." Lakini kompyuta nayo hufa, kwa hiyo daftari la mkono liendelee. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku ya mkutano, geuzeni skrini iwaelekee wanachama. Asiyejua kusoma asomewe jina lake, hisa zake na mkopo wake, mbele ya wenzake. Skrini inayotazamwa na mtu mmoja tu huzaa shaka, hata kama mtu huyo ni mwaminifu.

Mkirudi nyumbani, chagueni watu wawili: mmoja wa kusafisha na kufunika, mmoja wa kuangalia stima na nyaya. Majina yao yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Kitunze kikutunze.