Aliyeuza koti na aliyemuuza mtoto



Mazungumzo yetu ya juma hili yanahusu hadithi za watoto, lakini nawaomba watu wazima msizime redio. Ziko hadithi ambamo mwanasesere hupata uhai, akasema na kukimbia mitaani. Watoto huzipenda kwa vituko vyake. Mimi humtazama zaidi yule aliyemtengeneza.

Chukueni hadithi ya Pinocchio, aliyoiandika Mwitalia Carlo Collodi. Ilianza kutoka kidogo kidogo katika gazeti la watoto mwaka 1881, ikawa kitabu mwaka 1883. Mzee maskini, Geppetto, anachonga kikaragosi cha mbao. Nia yake ni kuzunguka nacho duniani kikicheza ngoma na kupiga vichwangomba, ili ajipatie riziki. Kumbe kikaragosi kina uhai, na utundu juu yake! Mara tu miguu inapokamilika kinatoroka, na Geppetto anaishia korokoroni. Anapotoka, theluji ikianguka, mzee huyu anauza koti lake na kurudi nyumbani na shati tupu, mkononi kitabu cha alfabeti cha kumpeleka Pinocchio shule. Naye Pinocchio anakiuza kitabu hicho njiani, apate kiingilio cha kutazama michezo ya vikaragosi.

Sasa twendeni Japani. Mwaka 1952 Osamu Tezuka, mchoraji aliyekuwa amesomea udaktari, alianza hadithi ya katuni ya Astro Boy, ambayo mwaka 1963 iliingia katika televisheni. Humu hakuna mzee wa patasi na nyundo. Yumo mwanasayansi, Daktari Tenma. Mwanawe anakufa kwa ajali ya gari. Kwa uchungu, anaunda roboti mwenye sura ile ile ya marehemu. Roboti huyu ana nguvu za ajabu na moyo mwema. Ila ana kasoro moja: hakui. Kimo ni kile kile. Tenma anachukia, anamuuza kwenye sarakasi. Ni msomi mwingine, Profesa Ochanomizu, anayekuja kumwokoa na kumlea.

Pimeni wenyewe. Aliyepata mtoto mtukutu aliuza koti lake. Aliyepata mtoto mwema alimuuza mtoto. Kwa nini? Wote wawili walianza na mpango wao: mmoja alitaka riziki, mwingine alitaka marehemu arudi. Lakini Geppetto alipoona kiumbe kina uhai, aliutupa mpango akawa baba. Tenma aliushika mpango, akamtupa mtoto.

Mtasema hayo ni ya mbao na chuma. Lakini ni mara ngapi tumemsikia mzazi akisema mbele ya wageni, huku mtoto amesimama pale pale: "Huyu nilimtaka awe daktari, ona alivyo"? Au: "Marehemu kaka yake hakuwa hivi"? Kwetu ni desturi njema kumpa mtoto jina la marehemu. Ni heshima, na ni faraja kwa waliobaki. Lakini jina tukimpa, tusimdai na maisha ya mwenyewe aliyetangulia. Mtoto hawezi kulipa deni hilo, hata awe na akili kiasi gani, kama vile roboti yule asivyoweza kurefuka.

Je, mzazi asiwe na matumaini? Awe nayo! Hata kitabu kile cha alfabeti kilikuwa matumaini, na mzee hakuacha kumpenda kilipouzwa. Wazee wetu walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Walisema umleavyo, hawakusema umtakavyo.

Basi leo jioni, kabla ya kumuuliza mwanao amepata alama ngapi, muulize siku yake imekwendaje, kisha umsikilize mpaka amalize.

Kwaherini.